Wakfu wa Jua

Karibu mafuta yote yanayoingia Kenya kwa meli hupita jirani na mtaa wetu wa Makupa, Mombasa. Meli kubwa hufunga gati Kipevu, ng'ambo ya mlango wa bahari, na nyingine hufunga Shimanzi, upande wetu wa kisiwa, ambako matangi ya mafuta yamejipanga mwendo mfupi kwa miguu kutoka mzunguko wa Makupa. Kutoka hapo mafuta huingia kwenye bomba na kupanda hadi Nairobi, au hupakiwa kwenye malori yanayonguruma usiku kucha kuelekea bara. Lakini nilipokuwa mtoto, mafuta ya taa hapa Makupa yalinunuliwa kwa chupa ya soda. Jua likizama nilitumwa dukani na chupa na sarafu mkononi, na muuzaji akayapima kwa kikopo cha bati. Bibi akikuta chupa haijafika shingoni alinirudisha.

Nikisikia watu wakizungumza juu ya kuachana na mafuta, mimi huanzia kwenye chupa ile. Sisi tulioishi karibu na mafuta kuliko Wakenya wengine wote hatukuwahi kuwa na sauti yoyote juu yake: bei ilikuja kutoka mbali, uhaba ulikuja kutoka mbali, na kazi ya kustahimili ikabaki yetu.

Sitayaandika mafuta kama adui aliyevamia nyumba. Baba alikuwa mchomeleaji wa mabomba katika kiwanda cha kusafisha mafuta Changamwe, kile kilichoanza kazi mwaka 1963. Karo yangu ilitoka hapo, na mabati ya nyumba yetu, na kitanda alichofia bibi. Alirudi jioni akinuka dizeli na moshi wa kuchomelea, na harufu hiyo kwangu ilikuwa harufu ya mtu anayelisha watoto wake. Ukitaka kunieleza kwamba zama za mafuta lazima ziishe, nakubali. Ila nieleze pia mchomeleaji ataenda wapi, kwa sababu swali hilo halikuwahi kuulizwa mezani kwetu mpaka lilipokuwa limechelewa.

Upande wa pili wa hesabu tuliuona kwenye maji. Waingereza waliunganisha kisiwa na bara kwa kumwaga mawe na udongo baharini pale Makupa, mlango ukazibwa, na maji ya Tudor yakaacha kukutana na ya Kilindini. Mlango uliozibwa hausafishwi na maji kupwa na maji kujaa. Mwaka 1988 maelfu ya tani za mafuta yalimwagika ndani yake na mikoko ikakauka. Nakumbuka wazee wakisimama ukingoni mikono nyuma, hawasemi. Aprili 2005 meli ya mafuta iitwayo Ratna Shalini ilivuja Port Reitz, na mikoko ya upande huo nayo ikapakwa weusi. Katikati ya hayo yote taka za mji zilirundikwa Kibarani, kando ya barabara iliyojengwa juu ya mawe hayo, moshi wake ukiingia vyumbani mwetu, hadi jaa lilipofungwa mwaka 2018. Daraja jipya la Makupa lilipofunguliwa mwaka 2022 na maji kuanza kupita tena chini yake, nilienda kusimama pale kuyatazama. Mvuvi mmoja wa Tudor aliniambia samaki watarudi, lakini mikoko inataka mtu wa kuipanda na kuilinda, na mtu huyo hatatoka Nairobi.

Amesema kweli, na mfano hauko mbali. Gazi, pwani ya Kwale, wanakijiji walianzisha Mikoko Pamoja mwaka 2013: hekta 117 za mikoko wanazozilinda wenyewe, na hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo huuzwa kama hati kwa watu wa nje. Ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa namna hiyo uliosimamiwa na jamii kwa mikoko. Kinachonivutia mimi ni kwamba pesa zikifika, wanakijiji huketi na kuamua zifanye nini, na wameziamulia maji na shule. Kamati yao ndiyo ningependa Makupa iige kabla hatujapanda mche wowote.

Narudi jikoni, kwa sababu huko ndiko bei ya mafuta huingia nyumbani kwanza. Makupa na mtaa jirani wa Majengo hupikia njiani. Ifikapo alasiri karai ziko motoni: viazi karai, bajia, kachri, mahamri ya kesho yakisubiri zamu. Wanawake wanaokaanga hapo wamepitia kila aina ya moto. Septemba 2018 serikali iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuwazuia wajanja waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Wajanja walikuwapo kweli, lakini aliyelipa ni mama mwenye koroboi na stovu. Mwaka huo huo ukataji wa miti katika misitu ya umma ulikuwa umepigwa marufuku tangu Februari, na gunia la makaa likapanda. Waliohamia gesi walikutana na kodi ya asilimia 16 Julai 2021. Aprili 2022, vita vya Ukraine vikiwa vimevuruga soko la dunia, foleni za petroli zilipangwa nchi nzima, hata hapa kwetu. Na Septemba 2023 lita ya petroli ilivuka shilingi 200, Mombasa, mahali inaposhukia kutoka melini.

Jirani zangu walistahimili vipi? Hawakuwa na kifaa kipya. Walikuwa na chama. Kila wiki kila mmoja hutoa kiasi walichopatana, na mmoja hupokea. Kilipofika kipindi kile kibaya walibadilisha kanuni: badala ya kupokea pesa, aliyefikiwa na zamu alinunuliwa mtungi wa gesi na kichwa chake, hadi wote wakawa nao. Mtungi ukiisha kabla ya mauzo, jirani aliyejaza humkopesha mwenzake moto, yaani wanakaangia karai moja wawili. Na hawakuyatupa majiko ya makaa. Wauza nazi wa hapa Makupa huacha vifuu kwa malundo, na vifuu vikavu huwaka vizuri kuliko makaa ya mti laini, kwa hiyo wakapatana na wauza nazi kwamba vifuu ni vya chama. Gesi nayo ni mafuta ya ardhini, najua, na mama wa viazi anajua, kwa sababu bei yake inaruka pamoja na ndugu zake. Lakini hajafungwa kwenye moto mmoja tena. Siku hizi wawili kati yao wana jiko la stima, na wanapigiana hesabu ya tokeni kila jioni, na hesabu inaanza kuwaridhisha.

Sasa nije kwenye kisima, ambacho ndicho kilichonifanya niandike.

Mombasa haina mto kisiwani. Maji ya Marere, kutoka Shimba Hills, na yale ya Mzima, kutoka Tsavo kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, huteremka yenyewe kwa uzito wake. Ya Baricho, kwenye Mto Sabaki, husukumwa na pampu za stima, na stima ikikatika pampu husimama. Kabla ya mabomba hayo kisiwa kiliishi kwa visima, na msikiti mkongwe wowote, wa Mji wa Kale au wa huku kwetu, una chake. Maji yake yana chumvi, na kwa sababu ya vyoo vya shimo vilivyoizunguka mitaa hayafai kunywewa. Ni ya kutawadha, kufua, kuosha vyombo, kupiga deki, kuoshea maiti. Lakini mtu anayepata maji hayo bure anaweka akiba ya pesa kwa ajili ya maji ya kunywa.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea nchi nzima. Si mtaa, si mji. Nchi nzima, mpaka uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi ulikaa gizani. Asubuhi yake mabomba ya mtaa wetu yalikuwa makavu, na wauza maji wa mikokoteni walikuwa wamepandisha bei kabla ya chai. Kisima cha msikiti kilikuwa na maji, ila kilikuwa kimetiwa pampu ya stima miaka kadhaa nyuma, na mdomo wake ukafunikwa kwa kifuniko cha zege. Maji yako chini, tunasikia hata mwangwi wake, na hatuwezi kuyafikia.

Wazee wanne na vijana walikiondoa kifuniko kile kwa mitaimbo. Ami yangu, aliyekuwa akiangalia msikiti, alitoka stoo na kamba ya zamani na ndoo ya mpira, kana kwamba alikuwa ameziweka kwa siku hiyo. Foleni ikazunguka ukuta. Hakuna aliyechaguliwa kusimamia, na bado utaratibu ulijulikana: palikuwa na msiba nyumba ya tatu, kwa hiyo maji ya maiti yalitoka kwanza, kisha wenye wagonjwa, kisha wazee, kisha sisi wengine kwa mitungi miwili miwili. Mama mmoja Mkristo, mpangaji mgeni mtaani, alisimama mbali akiona haya kuingia ua wa msikiti. Nyanya mmoja aliyekuwa amekaa barazani akamwambia kijana wa ndoo, "Mpe naye, mwanangu. Aliyechimba hakuandika majina."

Kisima kile ni wakfu. Mtu aliyekwisha kufa zamani alitoa kiwanja na kisima kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na watu, kisiuzwe, kisirithiwe, na akatenga na duka moja ili kodi yake itengeneze kisima daima. Mombasa inaujua mpango huu tangu kale. Mji wa Kale umejaa nyumba za wakfu, na Tume ya Wakfu ina makao yake papa hapa. Nilikuwa nimelipita duka lile maisha yangu yote. Siku ile, nikiwa na ndoo, ndipo nilipoelewa kwa nini kisima kilikuwa hai ilhali vitu vingi vipya vilivyokuja mtaani vilikuwa vimekufa.

Vilikuwa vimekufa kweli. Miaka iliyotangulia mfadhili mmoja alituwekea taa za sola njiani. Zilipendeza, watoto walisoma chini yake, picha zikapigwa. Baada ya muda betri zikachoka, moja baada ya nyingine, na tulipouliza ni nani mwenyewe, kila ofisi ilitaja nyingine. Nguzo zimesimama mpaka leo, watu wanaanikia nguo. Taa zilikuwa nzuri na jua lilikuwepo. Kilichokosekana ni duka lenye kodi, na mtu mwenye funguo.

Kamati ya msikiti ilipoketi baada ya giza lile, wengi walitaka jenereta. Ami alipinga kwa hoja moja tu: siku stima inapotea nchi nzima, petroli nayo hununuliwa kwa foleni. Vijana wakaleta habari za pampu ya sola, na hapo ubishi mzuri ukaanza, ubishi wa wiki nyingi. Betri zilikuwa ndizo kitu ghali kuliko vyote, na ndizo zilizoua taa za njiani. Fundi mmoja wa pampu ndiye aliyetufungua macho: msihangaike kuhifadhi stima, hifadhini maji. Pampu ifanye kazi jua likiwa juu, ijaze tangi lililoinuliwa kwenye mnara, na usiku maji yateremke yenyewe, kama ya Mzima. Mpango wetu ukakamilika bila betri hata moja.

Mnara na fremu ya paneli vilichomelewa na mzee aliyefanya kazi na baba Changamwe. Kiwanda kile kiliacha kusafisha mafuta Septemba 2013 na kugeuzwa mahali pa kuhifadhia tu. Baba alikuwa ameshastaafu, lakini wenzake wadogo walijikuta nje wakiwa na ujuzi ambao mji haukuwa na pa kuuweka. Mmoja alinunua tuktuk, mwingine akawa bawabu. Miaka minne baadaye reli mpya ikaanza kazi, na makontena yaliyokuwa yakipita kwa malori yakapanda treni. Gereji, vibanda vya chakula na vyumba vya madereva kuanzia Makupa hadi Miritini vikafungwa, na mwaka 2019 watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Ndiyo maana mtu wa Mombasa akiambiwa kwamba mabadiliko yanakuja na yatakuwa mema kwa nchi, hushika mfuko kwanza. Ameyaona mabadiliko. Anataka kujua kama katika nchi hiyo na yeye yumo.

Mzee yule alipoitwa alikuja na kofia yake ya zamani ya kazi. Aliziangalia bolti tulizonunua, akazisukuma pembeni. Akatueleza kwamba upepo wa hapa umebeba chumvi, na chuma cha kawaida kitakuwa unga kabla ya mikataba yetu kukauka wino. Alitaka bolti za chuma kisichoshika kutu, na kila kiungo kipakwe rangi tabaka juu ya tabaka, kama walivyofanya kwenye matangi. Alikataa kuweka paneli bapa kwa sababu vumbi la malori lingekaa. Akazipa mlazo ili mvua izioshe, na akaacha njia ya mtu kupita na kitambaa. Aliichomelea fremu yote kwenye nguzo, mwizi aje na mashine ya kukatia au arudi zake. Vijana wawili walimshikia vyuma na sasa wanaitwa mitaa mingine kufanya kazi hiyo hiyo. Nilimtazama akiwaonyesha namna ya kushika fimbo ya kuchomelea, kiwiko kimebanwa ubavuni, na nilimwona baba. Ujuzi wa mafuta ulikuwa umepata kazi juani, bila warsha yoyote wala cheti.

Masharti yaliandikwa na kubandikwa mlangoni. Kila nyumba, ya dini yoyote, ina mitungi miwili ya maji bure kwa siku. Mwenye mkokoteni wa kuuza analipa, na bei atakayouza mtaani imewekewa kikomo. Malipo yake yanaingia mfuko wa pampu, si mfuko wa msikiti. Mwangalizi analipwa kidogo lakini analipwa, kwa kodi ya duka. Na mdomo wa kisima haukufunikwa tena kwa zege. Kuna mlango wa chuma wenye kufuli, na kamba na ndoo viko stoo, kwa sababu mvua za masika huleta siku za mawingu mfululizo na tangi hushuka. Aprili tulivuta kwa kamba asubuhi mbili tatu, hakuna aliyelalamika.

Ningetamani niseme kila paa la Makupa sasa lina paneli. Hapana, na sababu haiko kwenye bei pekee. Nyumba nyingi za Majengo na Makupa ni zile za Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, na nyingi zimejengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine. Mwenye nyumba analipia kiwanja kila mwezi na anaweza kuambiwa ahame. Mpangaji wa chumba naye hana neno juu ya paa. Nani ataweka paneli ya miaka mingi juu ya nyumba isiyo na uhakika wa mwaka kesho? Watu wa sera wanaotuletea mikopo ya sola ya nyumba kwa nyumba hawajaliuliza hili, au wameliuliza Nairobi. Kwetu jibu jepesi zaidi ni mapaa yasiyohamishika: misikiti, makanisa, shule, zahanati, soko. Jua likae juu ya mali ya wote, na walio karibu wafaidi.

Nimesoma habari za mji wa Totnes, Uingereza, ambako kuanzia mwaka 2006 mwalimu mmoja, Rob Hopkins, na wenzake waliwaita watu kujiandaa kwa maisha yasiyotegemea mafuta: bustani za pamoja, ukarabati wa nyumba zisivuje joto, hata noti zao za mji. Wazo likaenea miji mingi duniani. Nikisoma huwa nahisi heshima na pia jambo jingine, kwa sababu nguvu nyingi za watu wale zilienda kwanza katika kujuana upya na majirani. Hicho sisi hatujakipoteza. Mei 2020, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale ulipofungwa kwa sababu ya korona, futari ilivuka kutoka mlango hadi mlango kama kila mwaka, na zaidi.

Na hata noti tulikuwa nazo. Ng'ambo ya daraja letu, kwenye kijiji cha Bangladesh huko Mikindani, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia Bangla-Pesa Mei 2013. Zilikuwa hati za kubadilishana bidhaa na huduma wao kwa wao pale shilingi zinapoadimika: kinyozi anapata mboga, mwenye mboga anapata maji, na biashara haisimami kwa sababu pesa ya nje haijafika. Waanzilishi wakakamatwa na kushtakiwa, kwa hofu kwamba wanaghushi pesa, kisha mashtaka yakaondolewa mwaka huo huo. Wazo halikufa, lilikua na kuenea pwani na mbali zaidi kwa jina la Sarafu, kupitia shirika la Grassroots Economics. Naliheshimu sana jambo lile, kwa sababu lilifanywa na watu walioonwa kuwa hawana kitu, na lilitegemea kile walichokuwa nacho, kuaminiana.

Lakini sitaki mtu achukue kisima chetu kama kisingizio cha kuwaachia majirani kila kitu. Kuna mambo ambayo ndoo haiyafikii. Stima ya Mombasa kwa miaka mingi ilitegemea mitambo ya Kipevu inayochoma mafuta mazito. Njia kubwa ya kilovolti 400 kutoka Nairobi hadi Rabai ilipokamilika mwaka 2017, mvuke wa Olkaria na nguvu za mito zikaweza kutufikia kwa wingi. Hilo ni kazi ya serikali, na halikufanywa kwa chama. Tena kuna mambo ambayo serikali hukosea na ni lazima majirani wayazuie. Watu wa Lamu waliambiwa watajengewa mtambo wa makaa ya mawe Kwasasi, megawati zaidi ya elfu moja, katika nchi ambayo sehemu kubwa ya stima yake inatoka kwenye mvuke, maji na upepo. Wavuvi, wanawake na vijana wa muungano wa Save Lamu walienda kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, sababu kuu ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nilikuwa Mji wa Kale habari ilipofika. Wazee wenye asili ya Lamu walikuwa wakipeana mikono barazani kama siku ya Idi.

Sasa mtaani kwetu kuna mjadala mpya, na haujaisha. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua hapa Mombasa mpango wa pikipiki za stima, na vijana wa bodaboda na tuktuk wamefanya hesabu zao. Petroli inawala nusu ya mapato ya siku. Wanaomba kamati iwape sehemu ya paa la madrasa kwa paneli, wanunue betri kwa chama, wazichaji na kuzibadilishana hapo hapo. Ni wazo zuri na wameliandika vizuri.

Aliyelisimamisha ni mtunza hazina, mama mwenye ndugu waliowahi kuishi Owino Uhuru, huko Mikindani. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kwenye mtaa ule kuanzia mwaka 2007 hadi 2014, na madini yake ya risasi yakaingia kwenye udongo, maji na damu za watoto. Phyllis Omido alipigania watu wale hadi dunia ikamtambua kwa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na hata hapo kesi iliendelea kupanda ngazi za mahakama kwa miaka. Vijana wanamjibu kwamba betri za sasa ni za aina nyingine, hazina risasi, na wako sahihi. Yeye anasema hakuuliza zina nini. Anauliza zikifa zitaenda wapi, nani atazibeba, na jina lake liandikwe wapi.

Mimi niko upande wake, na nimewaambia vijana hivyo ana kwa ana, ingawa nafahamu kila wiki ya kungoja inawagharimu. Tumewaandikia wauzaji watatu. Barua inataka ahadi ya maandishi, yenye muhuri, kwamba betri itakayochoka itarudishwa kwao kwa gharama yao, na kwamba kijana mmoja wa mtaa atafundishwa kuzipima na kuzitengeneza. Mmoja amejibu kwamba yuko tayari kuzungumza. Paa la madrasa limeshapimwa, mzee wa Changamwe ameshaandika orodha ya vyuma, na pesa za chama ziko benki. Barua yenye muhuri ikifika, kazi itaanza siku hiyo hiyo.